Hasira ya Eliabu

Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Somo: 1 Samweli 17:12–40

Ninyi mnaotia majani ya chai jikoni, ninyi mlio njiani kupeleka ng'ombe majini, na ninyi mliolala hospitalini mkingoja kupambazuke, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Twazungumza nanyi kutoka Mashuuru, huku Kajiado, ambako mvua imekawia tena na vumbi limekuwa jirani yetu.

Habari ya Daudi na Goliathi mnaijua. Watoto wa shule ya Jumapili huisimulia bila kusahau hata jiwe moja. Lakini asubuhi hii hatutaki kumtazama lile jitu. Twataka kumtazama mtu ambaye wengi wetu humpita mbio tunaposoma sura hii, naye ni Eliabu, mzaliwa wa kwanza wa Yese.

Daudi alitumwa na baba yake awapelekee ndugu zake chakula vitani. Alipofika alisikia matukano ya yule Mfilisti, akaanza kuulizauliza. Eliabu alimsikia, na hasira yake ikawaka. Alimwuliza yule kijana amemwachia nani kondoo zake, akamwambia kwamba anakijua kiburi cha moyo wake. Sasa rudini nyuma kidogo, mpaka mstari wa 20. Pale imeandikwa kwamba Daudi aliamka alfajiri akawaacha kondoo kwa mlinzi. Basi swali la Eliabu lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla hajaliuliza. Hakuwa akitafuta habari za kondoo hata kidogo.

Sasa tuwaambie jambo letu wenyewe.

Mwaka 2021 mashindano ya magari ya Safari yalirudi katika ubingwa wa dunia, baada ya kukosekana humo miaka 19. Yalifanyika Naivasha mwezi wa Juni, na vijana wetu waliyatazama katika simu zao, vichwa vitano juu ya simu moja. Mmoja wao hatutamtaja jina. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, mwana wa mjane anayeuza maziwa hapa sokoni. Alichunga mbuzi tangu utoto, akasoma mpaka karo ikawashinda, kisha akaenda Kitengela kujifunza ufundi wa magari katika gereji ya kando ya barabara, mahali ambapo paa ni mbingu na sakafu ni oili. Siku moja alikuja mbele yetu sisi wazee wa kanisa, tukiwa katika kikao baada ya ibada. Alivua kofia yake, akasema:

“Wazee wangu, naomba baraka yenu na barua. Kuna gereji Nairobi wanaotengeneza magari ya mashindano. Wanataka kujua mtu ametoka wapi na tabia yake ni gani. Siku moja nataka kuendesha Safari.”

Tulicheka. Hatukucheka kwa sauti, maana tulikuwa ndani ya kanisa, lakini alituona. Mmoja wetu alimwuliza kama mama yake amekwisha kulipa deni la duka. Mwingine alisema mchezo ule ni wa matajiri, na mwana wa mjane hana haja ya kutazama juu kiasi kile. Wa tatu alisema ni mchezo unaowatoa watu kanisani. Tukamwambia arudi kwenye spana zake, kisha tukafunga kikao kwa sala. Sala hiyo ndiyo inayotusumbua mpaka leo.

Tuseme kweli, tuliyoyanena hayakuwa uongo yote. Gari la mashindano si gari la kwenda sokoni. Ndani yake hujengwa mabomba ya chuma ili likibingirika lisimponde dereva. Yataka kofia ngumu, nguo zisizoshika moto, leseni, bima, na magurudumu yanayokwisha kama sabuni. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba imempasa aketi kwanza ahesabu gharama. Na habari ya Pasaka pia ilikuwa kweli. Safari ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na magari yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, kwa miaka mingi, ilifanyika siku za Pasaka. Wenye umri wetu wanakumbuka. Mhubiri alikuwa akifika penye kaburi lililo wazi, nje ikasikika ngurumo kutoka upande wa tambarare, na mara benchi za nyuma nazo zikawa wazi. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliotoka.

Lakini juu ya matajiri tulikosea, na tungalijua kama tungalikumbuka vizuri.

Mtu ambaye Wakenya walimshangilia kuliko wote katika mashindano hayo alikuwa Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, katika nyumba ya watoto wengi. Baba yake alitoka Punjab akawa fundi wa magari, na kijana alikua katika gereji ya baba yake, mikono imejaa grisi. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, awe wa kwanza katika kazi ya kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Fikirini kazi hiyo. Wengine wanapita, wewe umelala chini ya gari la mtu usiyemjua. Mwaka uliofuata aliingia Safari. Na mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa gari aina ya Volvo lililokwisha kutumika katika mashindano, ambalo makampuni makubwa hayakulitazamia kitu. Alishinda tena mwaka 1974, na tena mwaka 1976, akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Katika Safari 22 alizoingia alimaliza 19, na hesabu hiyo sisi twaiona kubwa kuliko vile vikombe vitatu, kwa kuwa iko miaka ambayo karibu magari yote yaliachwa matopeni. Mwaka 1968 magari zaidi ya 90 yaliondoka Nairobi, yakarudi 7 tu.

Joginder hakuwa wa imani yetu, alikuwa Kalasinga mwenye kilemba chake, naye alifariki London mwaka 2013. Hatumtaji ili kumfanya mtakatifu. Twamtaja kwa sababu alilijua gari kama mchungaji anavyomjua kondoo anayechechemea. Daudi alipovikwa mavazi ya vita ya Sauli alijaribu kutembea, akayavua, kwa sababu hakuwa ameyajaribu. Akachukua kombeo, chombo cha machungani, ambacho mkono wake ulikizoea. Wenye nguvu walikuja na magari mapya na mafundi wengi, na huyu alikuja na masikio yake, maana fundi wa kweli husikia bearingi inayolia kabla haijavunjika.

Na baada yake walikuja wengine. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari, akiendesha Subaru, na vijana Waafrika wa nchi hii wakaona mtu wa kwao mbele kati ya mabingwa. Haya yote tulikuwa tumeyasikia katika redio hii hii mnayoisikiliza. Tulipokaa katika kikao tulikuwa tumeyasahau.

Turudi kwa yule kijana. Hakupata barua. Miezi michache baadaye, usiku, alichukua pikapu ya mjomba wake bila ruhusa, akaiendesha kwa kasi katika njia ya kutoka Kajiado kuja Mashuuru. Penye korongo moja ilimshinda, ikapinduka. Mungu alimhurumia, akavunjika mguu tu. Mama yake aliuza mitamba miwili, mmoja kwa ajili ya hospitali na mwingine kwa ajili ya pikapu. Kwa mjane wa huku, mitamba miwili ni maziwa ya miaka mingi.

Tulikwenda kumtazama. Tulikwenda na maneno tayari, tukiwa tumeyapanga njiani. Tulimkuta mguu umefungwa, na juu ya kitanda kuna daftari la shule, lile la kurasa 96, jalada limechakaa. Tulidhani ni mashairi, au barua za msichana. Mmoja wetu akalifungua.

Lilikuwa njia yetu. Njia yote, kutoka Kajiado mpaka hapa, kona kwa kona. Kulia ndefu, mti wa mgunga, punguza. Kushoto kali, mawe upande wa ndani. Mteremko, halafu korongo, usifunge breki juu ya mchanga. Udongo mweusi, mvua ikinyesha usipite. Alikuwa ameandika muda wa miezi mingi, akisafiri juu ya malori ya ng'ombe kati ya Kitengela na nyumbani, penseli mkononi. Akatueleza kwamba ndivyo wafanyavyo wenye mashindano. Kwanza hupita njia polepole na kuandika, na siku ya mbio dereva huketi na mwenzake anayemsomea, maana kwa mwendo ule jicho la dereva haliwezi kuiwahi kona. Humwamini anayesoma.

Tukamwuliza, kama aliijua njia hivi, mbona alianguka?

Akatuambia, “Daftari lilikuwa kwenye kiti, Mchungaji. Hapakuwa na wa kunisomea.”

Yale maneno tuliyoyapanga njiani hatukuyasema. Hatukumficha kosa lake. Kuchukua gari la mtu bila ruhusa ni wizi, na kukimbia usiku katika njia ya watu na mifugo ni kuhatarisha roho za wengine. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mshindanaji hapewi taji asiposhindana kwa halali, na tulimsomea. Alikubali. Ameshamlipa mjomba sehemu kubwa ya deni, na mtamba mmoja amemrudishia mama yake. Lakini tulipokwisha kumwambia kosa lake, tulimwambia na letu, na si rahisi kwa wazee watatu wenye mvi kumwomba radhi kijana aliyefungwa mguu. Mmoja wetu alishindwa, akatoka nje. Alirudi baadaye.

Barua tuliiandika. Tuliandika kwamba ni mwana wa mjane, kwamba ni fundi, kwamba alikosa na akatubu, na kwamba ana bidii ya kuandika. Gereji ile haikujibu. Tuliandika nyingine kwa watu wengine, na mwaka 2023 akapokelewa na kikundi kimoja, si kuendesha, bali kufungua na kufunga magurudumu. Huenda hataendesha kamwe. Twawaambia wazi, kwa kuwa ziko hotuba ambazo kila aliyeomba amepata kabla wimbo wa mwisho haujaanza, nasi hatukutaka kuwaletea hotuba ya namna hiyo. Daudi mwenyewe, akiisha kupakwa mafuta, alikaa miaka mingi akikimbia mapangoni.

Mwaka 2024 Safari ilirudi kwenye siku zake za zamani. Iliangukia Pasaka, tarehe 28 hadi 31 Machi. Kijana alitupigia simu juma moja kabla, akauliza kama ni dhambi kuwa Naivasha siku ya Ufufuo. Tulijadiliana kwa muda mrefu, na hatukupatana wote. Mwishoni tulimwambia aende kwenye ibada ya alfajiri kama atapata nafasi, na kama hatapata, afanye kazi yake bila udanganyifu hata wa nati moja, kwa kuwa mtu mwingine ataketi juu ya kazi hiyo.

Siku ile ya Pasaka kanisa letu lilijaa. Mama yake aliketi benchi ya mbele na simu ndani ya kikoi, ameizima sauti. Tulimwona akiitazama wakati wa mahubiri, tukajifanya hatukuona. Baada ya baraka alitoka nje kuongea, nasi tukamfuata, tuseme kweli, tukiwa na haraka kuliko ilivyopasa watu wa umri wetu. Gari la kikundi chao lilikuwa limevunjika chini, siku moja kabla. Halikumaliza. Vijana walikuwa wamelifungua usiku kucha bila kufaulu.

Mmoja wetu alianza kumfariji yule mama juu ya kushindwa kwao. Alitutazama kama watu wasioelewa kitu.

“Mimi nimemwuliza kama amekula,” akasema. “Amesema amekula.”

Tuombe.

Ee Baba, twawaleta kwako waliolala chini ya magari ya wengine asubuhi hii, na wanaosafiri katika barabara ya Namanga na njia zetu za vumbi. Twakuletea wajane wanaongoja simu. Na kijana atakayekuja mbele ya kikao chetu Jumapili hii na ombi ambalo hatujalizoea, utupe masikio ya kumsikia mpaka amalize. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.