Mawimbi Marefu na Mawimbi Mafupi
(Hotuba iliyosomwa Nyegezi, Mwanza)



Baba mmoja wa mwambao huu aliniambia kwamba amemkataza mwanawe mwenye ualbino kupita karibu na mnara wa simu, kwa kuwa mnara hutoa mionzi. Lakini mtoto huyo huyo nilimkuta saa saba mchana akigeuza dagaa juu ya mawe, kichwa wazi. Basi ndiyo sababu nimeomba kusema nanyi leo.

Baba na mtoto wakifuatana bega kwa bega kutoka Nyegezi hata Mkolani, hatua ya baba ni ndefu, ya mtoto ni fupi. Mtoto hana budi kupiga hatua nyingi zaidi ili asiachwe. Hatua ikiwa nusu, idadi yake huwa mara mbili. Kadhalika mawimbi ya redio, ya simu, ya nuru na ya eksirei ni ndugu wa baba mmoja, na katika anga tupu yote huenda mwendo mmoja, yapata kilometa 300,000 kwa sekunde. Zidisheni urefu wa wimbi kwa mitetemo yake ya sekunde moja, jawabu ni mwendo huo huo daima. (Mawimbi ya ziwa letu hayana mwendo mmoja, ndiyo maana sikuyafanya mfano.)

Redio ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino, hapa Malimbe, hutumia megahezi 96.1, yaani mitetemo 96,100,000 kwa sekunde. Wimbi lake lina urefu wa mita tatu na kidogo. Simu ya megahezi 900, wimbi lake ni sentimita 33. Sasa gawanyeni milimita moja sehemu 10,000: nuru nyekundu ni kama sehemu 7, urujuani 4 tu. Kupita urujuani iko nuru ya jua ambayo jicho haliioni, fupi zaidi, yenye mitetemo mingi zaidi.

Hapo ndipo penye neno. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba nuru huchukua nguvu zake kwa vipande vipande, na mitetemo ikizidi, kila kipande huzidi nguvu. Kipande cha wimbi la simu ni dhaifu mno. Mawimbi hayo yakiwa mengi sana hupasha joto tu. Kipande cha nuru ile isiyoonekana huharibu ngozi kwa ndani. Ngozi nyeusi ina rangi ya kuizuia. Ya mwenye ualbino haina ya kutosha, nayo hupata madonda, hata saratani.

Wala msipime hatari hii kwa joto. Siku ya mawingu na upepo wa ziwa mwili huona baridi, na mawimbi mafupi yangali yakishuka. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli wakati wa mchana, na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Baba yule nilimweleza hayo yote. Mtoto sasa anavaa kofia, na dagaa huwageuza asubuhi mapema. Mnara, baba bado haupendi.