Meza ya Kunoa Ndiyo Mlango wa Duka Letu
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kilele cha sherehe za miaka kumi ya kikundi)

Ndugu Mgeni Rasmi, mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo usitegemee hotuba yenye maneno makubwa. Nitasema tulikotoka, nitasema duka letu linafanyaje kazi, kisha nitasema jambo moja linalotukabili sasa hivi, ambalo wanachama tutalipigia kura mwezi ujao. Sitaki kulificha kwa sababu ya sherehe.

TULIKOTOKA

Tulianza kama vikundi vingine vya akina mama vinavyoanza. Kila wiki tulikaa chini ya mwembe, tukanunua hisa, tukaweka fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zikakaa kwa watu watatu tofauti. Mtindo huu hatukuubuni sisi. Ulianza kule Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini, ndipo ukaenea Afrika na kufika kwetu Tanzania. Wengine wanasema VICOBA, wengine wanasema kuweka na kukopa, lakini ni haba na haba ile ile inayojaza kibaba.

Baada ya kutoka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tulijiandikisha Halmashauri kama sheria inavyotaka. Kisha tukaomba ule mkopo usio na riba unaotoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo akina mama tumetengewa asilimia 4. Tuliupata kabla mikopo ile haijasimamishwa mwaka 2023, na tulikuwa tumemaliza kuurudisha ilipofunguliwa tena mwaka 2024. Shilingi kwa shilingi. Afisa Maendeleo yupo hapa, ni shahidi.

Kwa mkopo huo na akiba yetu ndipo tukafungua duka la zana za kilimo. Kwa nini zana? Kwa sababu tupo pale barabara ya Matombo inapoanzia. Kila siku watu wa Kiroka, Mkuyuni, Kinole na Matombo wanapita mbele yetu wakishuka na ndizi, mananasi na viungo, na jioni wanapanda. Sisi Waluguru shamba tunalipata kwa ukoo wa mama. Ardhi ni ya mama, lakini jembe linatoka dukani, na duka lilikuwa la mtu mwingine. Tukasema basi, na jembe nalo litoke kwa mama.

KAZI YENYEWE

Zamani panga au jembe ukilinunua ulikuta chapa ya UFI, kiwanda chetu cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina. Kiwanda kile hakipo tena, na zana nyingi tunazouza leo zinatoka nje. Nyingine ni nzuri, nyingine ni bati tupu. Mwaka wetu wa kwanza dukani, msambazaji mmoja alituletea majembe yanayojikunja kama chapati yakigusa jiwe. Tuliyarudisha akakataa kuyapokea. Tangu siku hiyo hatupokei mzigo bila kwanza kuchukua moja, kuligonga na kulijaribu kwa tupa. Tupa ikiteleza juu ya chuma bila kukila, chuma hicho ni kigumu. Ikikila kama muhogo, mwambie mwenye mali aondoke nalo.

Sasa liko jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Panga jipya mara nyingi linatoka kiwandani halina makali. Mtu analinunua, anapanda nalo mlimani, anafika shambani analikuta linaponda tu majani. Ndiyo maana tukaweka meza ya kunoa barazani. Kila panga linalouzwa kwetu linanolewa kwanza, mpini unakazwa, ndipo mteja anakabidhiwa. Na likishapoteza makali analirudisha.

Walitucheka. Walisema, mwanamke ananoa panga anataka kumkata nani? Leo wale waliotucheka wanapanga foleni na visu vya bucha.

Ndugu Mgeni Rasmi, kunoa si kusugua chuma kwenye jiwe mpaka cheche ziruke. Kila zana ina namna yake, na kwa kuwa kijitabu hiki kitabaki majumbani, naomba haya yaandikwe:

1. Kisu cha jikoni kinalazwa karibu na jiwe, makali yawe membamba. Panga linainuliwa zaidi kidogo, maana makali membamba mno yatameguka likikutana na gogo.

2. Jembe linanolewa upande mmoja tu, kwa tupa. Hesabu ni kulifanya liingie udongoni bila wewe kutumia nguvu nyingi.

3. Mkasi wa fundi cherehani unanolewa ule mteremko wa nje peke yake. Ukigusa upande wa ndani, ule unaokutana na mwenzake, umeua mkasi, utatafuna kitambaa.

4. Mbuzi ya kukunia nazi inataka tupa ndogo, jino moja moja, na uvumilivu.

5. Chuma kikipata moto mwingi kwenye mashine kinageuka rangi, kinakuwa cha buluu. Hapo kimelegea, na makali yake hayatakaa. Kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu, chovya mara kwa mara.

6. Ukimaliza, pitisha kidole pole pole kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, usikipitishe kufuata urefu wa makali. Ukisikia kinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili, kazi haijaisha. Kiondoe kwa jiwe laini.

7. Jiwe la mashine kabla ya kulifunga liangike na uligonge taratibu. Likilia kama kengele ni zima. Likilia bovu lina ufa, nalo linaweza kupasuka likiwa linazunguka. Miwani ivaliwe, na khanga isining'inie karibu na mashine. Hilo sibembelezi mtu.

Pia tunayo mashine ya kukanyaga kwa miguu, mbali na ile ya umeme. Wako waliosema ni ya kizamani. Lakini ule mgao wa umeme wa mwaka 2023, kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, ile ya kizamani ndiyo iliyoendelea kufanya kazi.

JAMBO LINALOTUKABILI

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Yupo mfanyabiashara mmoja anaitaka ile kona ya barazani yenye meza ya kunoa. Atuondolee meza, aweke biashara yake, atulipe kodi kila mwezi. Na kodi anayoitaja, nasema kweli mbele yenu, inazidi fedha tunazokusanya kwa kunoa. Kisu shilingi 500, panga 1,000, hata ukinoa tangu asubuhi huwezi kuifikia kirahisi.

Wanachama wanaotaka tukubali si watu wabaya, na nisingependa wasemwe pembeni. Wana ada za shule, wana wagonjwa. Fedha ya kodi inakuja bila jasho, na mtu mwenye shida huwezi kumlaumu akiitazama. Hata hivyo mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini.

Sababu ya kwanza ni daftari. Mweka Hazina wetu ameandika kila siku kilichonolewa na kilichouzwa. Fungueni mwone. Siku ambazo kunoa ni kwingi, mipini imeuzwa, tupa zimeuzwa, mbegu na kamba zimeuzwa. Siku ambayo fundi wetu aliumwa na meza ikalala, duka nalo lililala. Panga mtu ananunua moja likamkalisha miaka. Makali anayahitaji kila baada ya siku chache. Akija kufuata makali, anasubiri, anatazama rafu, anakumbuka kilichopungua nyumbani. Ukiondoa meza umeziba mlango, halafu unabaki kushangaa wateja wamekwenda wapi.

Wala si sisi peke yetu. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mchezo wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Nikasema hiyo ni Ulaya. Akasema hapana bibi, hata Nairobi upo, katika hoteli ya Panari, wana uwanja wa barafu ndani ya jengo tangu mwaka 2005. Timu yao inaitwa Ice Lions, mwaka 2018 walipelekwa Kanada kucheza, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Wanavaa viatu vyenye chuma chini, na chuma kile hunolewa! Katikati yake kuna mfereji mwembamba unaochimbwa kwa jiwe, pembeni yanabaki makali mawili yanayoshika barafu. Mchezaji mzito hupenda mfereji usio na kina, mwepesi hupenda wenye kina zaidi. Na viatu hivyo vikitoka kiwandani, kama mapanga yetu, havifai mpaka vinolewe kwanza. Basi huko Kanada mwenye duka la vifaa hivyo anakuwa na mashine ya kunolea hapo hapo dukani. Viatu anamuuzia mtoto mara moja mpaka mguu ukue, lakini kunoa anamnolea msimu mzima. Anamjua mtoto, anamjua na mama yake. Nikacheka, nikasema kumbe barafu na Uluguru hesabu yao ni moja.

Sababu ya pili ni wateja wenyewe. Milima yetu ni ya mteremko mkali. Mama anafyeka akiwa mguu mmoja juu, mwingine chini, na mtoto mgongoni. Panga butu haliingii, linateleza, na likiteleza linatafuta mguu. Mwenye mdalasini naye, kisu butu kinamchania gamba vipande vipande. Gamba lililovunjika bei yake si ya gamba refu lililojikunja vizuri. Shilingi 500 ya kunoa inaokoa fedha nyingi kuliko hiyo. Tukiondoa meza, mama huyo ataenda wapi?

Sababu ya tatu ni ujuzi. Wenzetu wawili wajane waliingia kikundini hawana kitu, leo ni mafundi. Kodi ya kona itagawanywa na kuliwa, lakini ujuzi haugawanywi ukaisha. Ukimfundisha mwenzako mnakuwa wawili. Tayari mabinti watatu wanajifunza pale mezani. Tukipangisha, tunawaambia nini?

Mapendekezo yangu ni haya. Meza ibaki. Bei ya visu vya bucha na mikasi ya mafundi ipande kidogo, kwa kuwa wao wanafanya biashara, ila jembe na panga la mkulima vibaki palepale. Tuanze siku moja kwa mwezi kupanda na mashine ya miguu mpaka Kinole siku ya gulio, tuwanolee huko huko. Na mfuko wa jamii wa kikundi uangaliwe upya, ili mwenye ada ya mtoto asilazimike kuuza mlango wa duka kwa sababu ya shida ya mwezi mmoja.

Wazee wetu wa Matombo mwaka 1955 walikataa matuta ya ngazi waliyoamriwa na Mkoloni, na mtu mmoja alipoteza maisha. Tulichojifunza ni kwamba jambo la kuamriwa halidumu. Kwa hiyo na mimi siamrishi. Kura ni ya siri, kila mwanachama ana moja, na Mwenyekiti ana moja tu. Mkiamua meza iondoke, nitaibeba mimi mwenyewe na sitanuna. Lakini kabla ya kupiga kura, kila mmoja akakae pale barazani asubuhi moja, ahesabu kwa macho yake nani anakuja na anaondoka na nini.

SHUKRANI

Namshukuru Katibu, Mweka Hazina, washika funguo wote watatu, na waume zetu waliovumilia mikutano isiyokwisha. Wafadhili wetu wa hapa mtaani ahsanteni kwa mabati na viti.

Ndugu Mgeni Rasmi, wenyeviti wengi mahali kama hapa wangekuomba fedha. Mimi nakuomba kitu kimoja: ukirudi nyumbani mwambie mama akusanye visu vyote vya jikoni, mtuletee. Vya leo tutanoa bure. Vya wiki ijayo ni shilingi 500 kama kawaida.

Akina mama oyee!
Kazi oyee!