Habari ya Msaidizi wa Muuguzi na Cheti Chake



Mmetutaka tuseme nanyi habari ya kazi wanayoishika wengi katika vijana wetu waliokwenda Marekani, nayo ni kazi ya msaidizi wa muuguzi. Tumekubali upesi, maana yapo maneno mawili yanayozunguka vijijini, na yote mawili si ya kweli. Wazee wasema, "Mtoto tumemsomesha, naye amekwenda kuosha wazee wa watu!" Nao vijana wadhani ya kuwa kazi hii haina elimu, na kwamba cheti chake hununuliwa kama kofia sokoni.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Huko Marekani wazee na wagonjwa wengi wasiojiweza hukaa katika nyumba za kuwatunzia. Daktari huja kwa nadra. Muuguzi hutoa dawa na kuandika hali ya wagonjwa. Bali mtu amwamshaye mzee asubuhi, akamwogesha, akamvika, akamlisha, akamgeuza kitandani asipate vidonda, ndiye msaidizi. Naye huwa wa kwanza kuona kwamba mguu umevimba au chakula hakikuliwa, akaenda kumwambia muuguzi. Cheti hiki peke yake hakimpi ruhusa ya kutoa dawa. Lakini mzee aliyepooza, asiyeweza hata kusema, mchana kutwa na usiku kucha yumo mikononi mwa huyu.

Zamani mikono hiyo haikupimwa kwa sheria moja ya nchi nzima. Mwaka 1986 taasisi yao ya elimu ya tiba ilitoa taarifa ndefu juu ya nyumba hizo, ikaonyesha jinsi wazee wengi walivyotunzwa vibaya. Desemba 1987 Rais Ronald Reagan akatia sahihi sheria ya kuzitengeneza. Tangu hapo nyumba zinazopokea fedha za matibabu za serikali kuu hazina ruhusa ya kumweka msaidizi asiyefundishwa na kutahiniwa. Basi angalieni asili ya cheti hiki: hakikutungwa ili kumpamba mwenye kukitwaa, kilitungwa kwa ajili ya yule alalaye kitandani.

Sheria yataka mafunzo ya saa 75 kwa uchache, na katika hizo saa 16 ziwe za kufanya kazi kwa mikono chini ya macho ya mwalimu. Majimbo mengine yamezidisha: California hutaka saa 160, na Maine, ambako wamehamia watu wengi wa Kongo, Rwanda na Burundi, hutaka saa 180. Tena kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa hata mmoja, sharti afundishwe saa 16 za mwanzo. Na katika hizo hafundishwi kutandika kitanda! Hufundishwa namna ya kusema na watu, kuzuia ambukizo, kuokoa mtu aliyesakamwa na chakula, kumwacha mgonjwa afanye mwenyewe yale ayawezayo, na kuziheshimu haki zake.

Mtihani una sehemu mbili. Moja ni ya maswali, na mtu asiyesoma vizuri ana ruhusa ya kuomba aulizwe kwa mdomo. Ya pili ni ya matendo, naye mtahini husimama akitazama. Matendo hayapungui matano, huchaguliwa pasipo mwanafunzi kujua kabla, na katika majimbo mengi kunawa mikono hakukosekani. Katika mtihani unaotumika majimbo mengi, akihesabu mapigo ya moyo, huhesabu dakika nzima, na hesabu yake isipishane na ya mtahini kwa zaidi ya mapigo manne. Akimlisha mgonjwa, sharti aketi mbele yake, asisimame juu yake kama mtu mwenye haraka, wala asimtie tonge jingine kinywani bila kumwuliza kama yu tayari. Akimvika mtu ambaye mkono mmoja umepooza, huanza na mkono ule mgonjwa, na akimvua huanza na ule mzima, ili asimwumize. Lakini kabla ya hayo sharti amwulize ataka kuvaa shati lipi.

Neno hilo la shati limetushika sana. Sisi hujisifu kwamba twawaheshimu wazee kuliko watu wa Ulaya na Marekani, na pengine ni kweli. Hata hivyo ni nyumba ngapi katika vijiji vyetu ambamo bibi asiyeona huulizwa leo atavaa nguo gani? Huko kijana asipouliza, hupunguziwa alama.

Sasa habari ya fedha, kwa kuwa hapo ndipo wengi huumia. Nyumba iliyokwisha kumwajiri mtu, au kumwahidi kazi, imekatazwa kumtoza fedha za mafunzo, za mtihani wala za vitabu. Naye aliyejilipia mwenyewe, kisha akaajiriwa katika nyumba kama hizo kabla ya miezi 12 kupita, jimbo halina budi kumrudishia gharama zake. Kwa hiyo, vijana, mtu akiwaambia hapa nyumbani kwamba mkimpa fedha atawapa cheti cha kuwaingiza kazini huko, mwulizeni kinatambuliwa na jimbo gani, kwa maana kila jimbo lina daftari lake, na jina lisiloandikwa humo halina kazi. Mwanafunzi aliyeajiriwa aweza kufanya kazi kwa muda usiozidi miezi minne kabla ya kumaliza, tena afanye yale tu aliyokwisha kufundishwa. Akianguka katika mtihani, hupewa nafasi tatu kwa uchache.

Daftari hilo huandika na mabaya. Msaidizi akihakikishwa kwamba amempiga mzee, au amemwibia, habari yake hutiwa humo, na nyumba hizo haziruhusiwi kumwajiri. Na mwema naye haachwi akae tu: kila mwaka hufundishwa saa 12 nyingine. Tena miezi 24 ikipita mfululizo pasipo kufanya kazi ya uuguzi kwa mshahara, hana budi kufundishwa upya au kutahiniwa upya. Nalo neno hilo la mshahara tunaomba mlisikie vema, ninyi akina mama wenye binti huko, kabla hamjamwita mmoja wao arudi nyumbani kumwuguza babaye. Akikaa hapa miaka miwili na zaidi, akimwogesha na kumlisha na kumgeuza kila siku kama alivyofundishwa, kazi hiyo yote haitahesabiwa.