Kalamu na Riziki: Maneno kwa Vijana Wanaoanza Kuandika

(Hotuba ya mjumbe wa Kamati anayeshughulikia elimu na vijana, iliyosomwa Juba katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Siku kama ya leo tumezoea kukumbuka njia tuliyopita na ndugu tuliowaacha njiani, na hao hatutawasahau. Lakini Kamati imeniomba nizungumze juu ya kesho. Swali nililopewa ni hili: kijana mkimbizi mwenye simu na mwenye neno la kusema, anawezaje kuanza kupata fedha kwa maandishi yake mwenyewe, anayoyaweka kwenye intaneti kwa jina lake?

Ndugu zangu, swali hili si la mzaha. Mwaka 2021 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi na waliohama makwao ndani ya Sudan Kusini, ukawa nusu tu ya chakula ambacho mtu anahitaji kwa siku. Tangu hapo kila nyumba imejifunza kutafuta cha kuongezea. Wapo wanaofyatua matofali, wapo wanaouza mkaa, wapo wanaosuka nywele. Na wapo vijana walioambiwa na wenzao kwamba andika tu, dola zitakuja zenyewe. Kijana huyo anauza vikombe viwili vya unga anunue bando. Mwezi unapita, dola haijaja na unga umekwisha. Hasara hiyo inaingia katika sufuria ya mama yake, na ndiyo maana lazima tuseme ukweli mapema.

FEDHA INATOKA WAPI?

Maandishi yana milango mitatu ya fedha.

Mlango wa kwanza ni matangazo ya makampuni makubwa. Huu ndio unaosifiwa kuliko yote. Kampuni ya Google ilianzisha mpango wake uitwao AdSense mwaka 2003. Mwenye maandishi anaruhusu matangazo yakae kando ya maneno yake, na anapata senti chache watu wanapoyaona au kuyabonyeza. Lakini sikilizeni masharti yake. Hulipwi mpaka fedha yako ifike dola 100. Tena, ukifikisha dola 10 wanatuma kwanza barua kwa posta yenye namba ya siri, ili wahakikishe anwani yako ni ya kweli. Hapo mkimbizi anajiuliza: posta yangu iko wapi? Sasa tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kusomwa mara elfu moja kunakuletea dola moja. Ili ufike dola 100, maandishi yako lazima yasomwe mara 100,000. Anayeanza leo, anayesomwa na marafiki arobaini, atangoja sana. Mlango huu upo, ila uko mwisho wa safari.

Mlango wa pili ni mtu wa karibu anayehitaji unachokijua: mfanyabiashara, dereva, chama cha akina mama, kanisa, msikiti, shule. Huyu halipi dola 100, lakini analipa leo, na unamjua kwa uso.

Mlango wa tatu ni kazi. Maandishi yako yanakuwa shahidi wako. Mtu anayetafuta mkalimani, karani wa mkutano, mwandishi wa ripoti au mtangazaji wa redio, anakuona unavyoandika na anakuita. Hapo fedha haikutoka katika maandishi yenyewe, ila imekuja kwa njia yao.

Neno langu kubwa la leo ni kwamba anayeanza aingie kwa mlango wa pili na wa tatu. Wengi wanakimbilia wa kwanza kwa sababu una kelele nyingi.

MWANDISHI WA BARUA

Wazee wangu mtawakumbuka waandishi wa barua waliokaa nje ya posta katika miji yetu ya Afrika Mashariki, taipureta juu ya meza ndogo na kiti kimoja cha mteja. Mtu yule hakuwa maarufu. Aliuza huduma. Alijua barua ya kuomba kazi inaandikwaje, ombi la shamba linapelekwa kwa nani, na siri ya mteja haitoki mezani. Jioni alirudi nyumbani na fedha ya unga. Vijana, simu yenu ndiyo taipureta ile. Kabla ya kuuliza nitakuwaje maarufu, uliza: ni nani hapa Juba anahitaji neno langu, na kwa nini?

Nitawapa mfano. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilifunguliwa mwaka 2012, na bidhaa nyingi zinazokuja kutoka Uganda na Kenya hupita hapo. Madereva wengi na wachuuzi wengi wa njia ile wanazungumza Kiswahili. Katika soko la Konyo Konyo utawakuta Waganda, Wakenya, Wakongo, na wenyeji waliokulia Kakuma wakajifunza Kiswahili huko. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Hata hivyo habari nyingi za hapa mjini huandikwa kwa Kiingereza au Kiarabu. Kijana anayeandika kila wiki, kwa Kiswahili safi na bila kukosa, bei ya unga na mafuta, hali ya barabara wakati wa mvua, na hatua za kufuata ili mtu apate karatasi fulani, huyo ameshika kitu ambacho watu wanakihitaji. Baada ya miezi kadhaa mwenye duka atasema: weka na jina la duka langu hapo chini, nitakulipa. Hilo ni tangazo, na limekuja bila barua ya posta.

WALIOTUTANGULIA

Tuna mifano ya kwetu. Muhidin Issa Michuzi wa Dar es Salaam alikuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News alipoanza, mwaka 2005, kuweka picha na habari fupi kwenye intaneti. Alifuatwa na Watanzania wengi, hasa walioko ng'ambo waliotamani kuiona nchi yao, na matangazo ya biashara yakaja baadaye. Angalieni mpangilio wa mambo. Kwanza alikuwa na ufundi wake wa miaka mingi. Pili alijua wasomaji wake ni nani na wana hamu ya nini. Tatu aliweka kitu kipya siku baada ya siku. Fedha ilikuja nyuma ya hayo matatu.

Mfano mwingine ni wa wakimbizi wenzetu. Mwaka 2008, katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, wakimbizi wa mataifa mbalimbali walianzisha gazeti lao huru, Kakuma News Reflector, ambalo wengi huliita KANERE. Waliandika mambo ya kambi kwa macho ya wanaoishi kambini, nao walifanya kazi ile kwa kujitolea. Kutoka kwao tunajifunza mambo mawili. Mkimbizi anaweza kuandika habari zake mwenyewe bila kungoja mgeni aje kumwandikia. Na heshima inaweza kuja mapema huku mshahara ukichelewa au usije kabisa. Anayeanza ajue hivyo, asije akavunjika moyo.

HAKI YAKO

Vijana wengi huuliza kama mkimbizi ana haki yoyote juu ya maandishi yake. Anayo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Sudan Kusini ilijiunga nao mwaka 2018, una kifungu cha 14 kinachosema kwamba mkimbizi, katika nchi anamoishi, alindwe katika kazi zake za uandishi na sanaa kama anavyolindwa mwananchi. Vifungu vya 17 na 18 vinazungumzia kazi ya mshahara na kazi ya kujiajiri. Basi ukiandika, weka jina lako na tarehe, na utunze nakala katika daftari, kwa sababu simu huibiwa na huharibika. Na kama hutaki kuibiwa, usiibe. Kunakili habari ya mwenzako na kubadilisha jina la juu ni wizi, na msomaji akigundua hatarudi tena.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Jambo la kwanza ni hesabu. Uwe na daftari lenye kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja andika kilichotoka: bando, chaji, nauli. Upande wa pili kilichoingia. Kama kwa miezi mitatu kinachotoka kinazidi kinachoingia, punguza matumizi au badilisha unachoandika, na usiguse mgao wa nyumbani. Andika usiku katika daftari, kisha nunua bando dogo mara moja kwa wiki kwa kutuma yote pamoja. Tangu mwaka 2019 Juba ina m-Gurush, huduma ya kutuma fedha kwa simu. Ukilipwa kwa njia hiyo, tunza kila ujumbe wa malipo, maana ndio risiti yako.

Jambo la pili ni kutotundika kila kitu kwenye msumari mmoja. Mnakumbuka Januari 2025. Baada ya picha za mauaji ya Wasudan Kusini kule Wad Madani kuenea, mamlaka ya mawasiliano iliamuru Facebook na TikTok zifungwe nchini. Zilifunguliwa kabla mwezi haujaisha, lakini kwa siku zile aliyekuwa na wasomaji wake wote mahali pamoja alibaki bila hata mmoja. Basi uwe na orodha ya namba za wasomaji wako, ubandike nakala ya karatasi katika ubao wa kambi, na ufahamike redioni.

Jambo la tatu ni usalama. Hapa Juba, Desemba 2012, mwandishi wa makala za maoni aliyejulikana kwa jina la Isaiah Abraham aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Mwaka 2016 Alfred Taban, mwanzilishi wa gazeti la Juba Monitor, alikamatwa kwa sababu ya tahariri aliyoiandika. Nawataja kwa heshima, wala sisemi haya ili kuwatisha. Nasema ili anayeanza ajue kwamba neno lina uzito, apime, na aombe ushauri wa wakubwa kabla ya kutuma lile ambalo haliwezi kurudishwa.

Jambo la nne, nalo linaniuma kuliko yote, ni kuuza huzuni. Picha ya mtoto wa jirani anayelia inavuta watu upesi. Habari ya dada aliyedhulumiwa inasomwa na maelfu. Lakini mtoto yule ana mama, na dada yule anachota maji kisimani pamoja nasi kesho asubuhi. Usiandike jina la mtu wala kuonyesha uso wake bila ruhusa yake, na usiombe michango kwa shida ambayo haipo. Ukimdanganya mfadhili mmoja, siku jirani yako atakapokuwa na shida ya kweli hataaminiwa.

Jambo la tano ni matapeli. Anayekuambia lipa ada kwanza ndipo upewe kazi ya kuandika, mkimbie. Na wapo wanaowalipa vijana wa Nairobi na kwingineko kuwaandikia wanafunzi wa nchi za mbali insha zao za chuo. Fedha ipo, lakini jina lako halimo, na kazi yenyewe ni udanganyifu. Baada ya miaka mitano huna hata ukurasa mmoja wa kumwonyesha mwajiri ukasema hii ni kazi yangu.

OMBI KWA KAMATI NA WAZEE

Namaliza kwa ombi, ndugu Mwenyekiti, na naomba liingie katika kumbukumbu za kikao.

Katika maisha ya kambi tumezoea neno moja: kujitolea. Kijana anaandika kumbukumbu za mkutano, anajitolea. Anatafsiri hospitalini, anajitolea. Anaandika barua ya mzee, anajitolea. Kujitolea ni jambo jema, na bila hilo tusingefika hapa. Lakini tukimzoesha kijana kwamba kalamu yake haina bei kwetu, kwa nini tushangae akikimbilia kwa matapeli wanaomwahidi bei?

Napendekeza haya. Kwanza, Kamati iweke malipo, hata yakiwa madogo, kwa kila barua na kila kumbukumbu inayoandikwa na kijana, na ianze na vijana waliosaidia kuandaa jarida hili la kumbukumbu. Pili, vijana wanaotaka kuandika wajiunge watano watano, washirikiane chaji na bando, mmoja aandike, mwingine asahihishe, mwingine ashike daftari la hesabu. Tatu, wazee mkubali kuulizwa maswali. Mnayo mambo ambayo hayajaandikwa popote, na kijana anayeanza hana mali nyingine isipokuwa hayo.

Haba na haba hujaza kibaba. Pauni ya kwanza ya kalamu itakuwa ndogo, tena itatoka kwa mtu anayekujua. Basi, wazee na wajumbe, mtu huyo awe mmoja wetu.