Mapendo ya Inchi: Fundisho la Safari
Maneno ya katekista siku ya Yubile ya parokia, Mashamba





Nimeombwa kusema maneno machache juu ya mapendo ya inchi. Katika seminari ndogo tulifundishwa kwamba neno la Kilatini «patria» limezaliwa na neno «pater», maana yake baba. Naye Mtakatifu Toma wa Akwino anaweka heshima kwa inchi karibu na heshima kwa wazazi. Somo hilo nililijua kwa kichwa tangu ujana, lakini sikulielewa mpaka siku niliposafiri.

Mwaka jana nilipanda gari la moshi kwenda Mwene-Ditu. Njia hiyo ni ya zamani: reli ilifika Bukama katika mwaka 1918, na Ilebo katika mwaka 1928. Pale Bukama abiria walisimama madirishani kutazama Lualaba. Mama mmoja mwenye kuuza samaki akaniuliza: «Baba, unatoka wapi?» Nikajibu: «Kolwezi.» Akacheka: «Basi mto huu ni ndugu yako.»

Alisema kweli. Maji yanayopita Nzilo, karibu nasi, yanapita Bukama, Kongolo, Kindu na Kisangani. Huko yanapata jina la Mto Kongo, yanapita Kinshasa, yanakwenda baharini. Pale Inga yanazungusha mashini za umeme. Na tangu mwaka 1982 nyuzi zenye urefu wa kilometa karibu 1.700 zinarudisha nguvu hiyo mpaka hapa Kolwezi, kwa kazi ya shaba. Nyuzi hizo zinapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku havina hata taa moja. Nani kati yetu amewafikiri watu wale?

Lakini sikusafiri kwa kutazama mito. Nilikwenda kumwona baba yangu wa ubatizo.

Wazee, mnakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Katika Likasi na hapa Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walilala siku nyingi penye vituo vya gari la moshi. Wengine walikufa pale, wengine njiani. Baba yangu wa ubatizo alikuwa mmoja wao, yeye aliyenifundisha ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Usiku mama alinituma kumpelekea bukari na sombe. Nilipomwona ameketi juu ya sanduku lake niliogopa wenzangu wasinione. Niliweka sahani chini, nikakimbia pasipo kumsalimu.

Nimemkuta mzee sana. Mbele sijasema neno aliniuliza: «Lualaba imejaa mwaka huu?» Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha. Alikaa kimya kwanza, halafu akasema: «Ulikuwa mtoto, sikukuhesabia kosa. Lakini leo wewe ni mkubwa. Unawaambia nini watoto wako?»

Ndugu, swali hilo ndilo ninalowaletea siku ya Yubile. Leo vijana wengi wa Kasai wanafika tena kutafuta kazi katika machimbo yetu, na maneno ya zamani yanasikika tena sokoni, pengine hata mlangoni mwa kanisa. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote. Wageni wa mbali wanakuja kuichukua, nasi tunawapokea kwa heshima. Je, ndugu wa tumbo moja ndiye tutamwita mgeni?

Yezu alipenda inchi yake. Alipoutazama mji wa Yeruzalemu alilia machozi. Mwenye kupenda inchi yake hafichi zambi zake: anazililia, kisha anatengeneza. Kuimba kwa furaha tarehe 30 Juni ni vizuri. Kumpa jirani nafasi kwenye benchi la kanisa ni vizuri zaidi.

Ninawaomba jambo moja. Katika kitabu cha ubatizo cha parokia hii, majina ya wale walioondoka yangali yameandikwa, hakuna aliyeyafuta. Kila jumuiya iyatafute majina ya watu wake, na tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, tuyasome mbele ya altare: ya wazima na ya wafu.

Siku ya kuagana, mzee alinirudishia sahani ya mama yangu. Alikuwa ameitunza miaka zaidi ya makumi matatu. Kwa desturi yetu sahani hairudi tupu: aliijaza mahindi. Mbegu hizo nimezipanda hapa Mashamba, nazo zimeota.

Mungu aibariki parokia yetu na inchi yetu yote. Amina.