Viazi vya Kibandani na Viazi vya Shambani: Tupige Hesabu

(Mazungumzo tuliyotoa mbele ya vikundi vya kujisaidia)

 

Sisi tunatoka Kinangop, kwenye viazi vingi. Lakini tutaanza na aibu yetu. Msimu mmoja tulichimba viazi vizuri, tukauza vyote palepale shambani kwa bei ya chini, kwa sababu karo ilitungoja. Baada ya wiki chache mama mmoja wetu akaonekana kibandani akinunua kasuku ya viazi. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa amenunua wiki hiyo!

Ndipo tukakaa chini na daftari. Hebu tuhesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu. Ninyi wekeni za soko lenu.

Tuseme kasuku ya kilo 2 ni shilingi 120 kibandani. Sasa chukua kipande cha mita 10 kwa 10. Mistari ikiachana sentimita 75, na mbegu sentimita 30, utahitaji mbegu kama kilo 20. Andika:

Mbegu: 1,200
Mbolea: 400
Dawa: 300
Kazi ya mikono: 1,500
Jumla: 3,400

Kuna wanaouliza, "Kazi ya mikono ya nini, na nimelima mwenyewe?" Ndugu, siku uliyolima kwako hukwenda kibarua. Iandike.

Ukivuna kilo 120, hizo ni kasuku 60. Kila kasuku imekugharimu kama shilingi 57. Umeshinda kibanda. Lakini baridi ikipiga majani ukavuna kilo 40 tu, hizo ni kasuku 20, na kila moja ni shilingi 170. Hapo ni afadhali ungenunua!

Kwa hivyo kulima si rahisi kuliko kununua kila wakati. Faida inatoka kwa mavuno, na mavuno yanaanza na mbegu. Wengi wetu tulikuwa tunapanda vile vidogo vilivyobaki, ati tunaokoa pesa. Kumbe tulikuwa tunapanda ugonjwa wa mnyauko. Nunueni mbegu zilizokaguliwa, hata kama ni kidogo, mzizidishe wenyewe kwenye udongo usio na ugonjwa. Ukiona mmea umenyauka na udongo una maji, ng'oa na udongo wake, peleka mbali na shamba. Msimu unaofuata usirudishe hapo viazi, nyanya wala pilipili. Panda mahindi.

Jambo la mwisho ni lile lililotuaibisha. Siku ya kuchimba, tengeni kwanza vya kula nyumbani, ndipo mwite mnunuzi. Viwekeni mahali pakavu, penye giza na hewa. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na kuwa na sumu; msile hivyo. Shangi nayo huchipua upesi, haikai sana. Kwa hivyo pandeni kidogo kidogo, kipande hiki leo na kingine baada ya wiki kadhaa.

Karo bado tunalipa, na viazi bado tunauza. Lakini sasa tunajua gunia linalotoka limetugharimu ngapi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nendeni mkanunue daftari kabla ya mbegu.

 Sasa tuko tayari kwa maswali.