NYUMBA YA WAZEE WETU IWE MAKAO YA WATOTO WETU

Hotuba ya mwalimu wa uashi mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, mizani na hesabu za Chama. Mimi ni mwashi, na kazi niliyopewa ni kusema juu ya mahali ambapo fedha ya kahawa huenda ikalala baada ya kutoka katika Chama, yaani nyumbani. Wala sitasema juu ya nyumba mpya. Nitasema juu ya nyumba kuukuu, ile aliyoijenga babu au baba, ambayo sasa ni zamu yetu kuifanya makao ya mume na mke, watoto na wazee.

Nyumba za namna hiyo ni nyingi hapa Kagera. Jalidi ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1953, bei ya kahawa ilipanda sana duniani, na katika miaka ile wazee wetu wengi waliacha msonge wa nyasi wakajenga nyumba za pembe nne zenye mabati. Nyingine ni za miti na udongo. Nyingine ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Zimesimama katikati ya kibanja, zimezungukwa na migomba na mibuni, na makaburi ya wakubwa hayako mbali. Kijana akirithi nyumba hiyo, aghalabu huona njia mbili tu: kuibomoa au kuihama. Mimi nasema iko njia ya tatu, nayo ni kuitengeneza kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, kwa kadiri ya mavuno.

Lakini kwenda kidogo kidogo kuna kanuni yake, na kanuni hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu leo. Kila hatua iwe kamili yenyewe, ili fedha ikikatika, nyumba isibaki mbaya kuliko ilivyokuwa kabla hujaigusa. Bei ya kahawa hatuipangi sisi. Hupangwa katika masoko ya mbali. Mtu anayebomoa kuta zote nne kwa kutumainia malipo ya msimu ujao ameweka msingi wake juu ya kitu kisicho chake. Nyumba za watu hao mmeziona: kuta zimefika kwenye linta, majani yameota vyumbani, na jamaa nzima wamebanana katika jiko la nje mwaka wa sita sasa. Mwenye nyumba husema alikosa fedha. Kweli alikosa fedha, lakini kabla ya hapo alikosa mpango.

Mpango ninaowafundisha vijana wangu ni huu: maji kwanza, moshi pili, vyumba tatu, na urembo mwisho.

Maji ndiyo adui mkubwa wa nyumba kuukuu, naye huja kwa juu na kwa chini. Anza juu. Kazi ya paa ifanywe kati ya Juni na Agosti, wakati mvua ni chache na malipo ya kahawa yameanza kuingia. Kabla ya kununua bati hata moja, panda darini ukachunguze kenchi. Choma kila mti kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila nguvu, mti huo umeoza au umeliwa na mchwa, uondoe. Bati jipya juu ya mti mbovu ni zawadi kwa upepo. Dukani uliza unene wa bati, na kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa hesabu yake ni ndogo. Na kama umepata nyumba iliyokuwa ya serikali au ya shamba kubwa, yenye paa la vigae vya asbesto, usiikate, usiivunje, wala usiisugue. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Pata shauri la afisa wa afya kwanza.

Ukishamaliza paa, shuka chini. Kwa miaka mingi ufagio umekuwa ukisukuma udongo kuelekea ukutani, hata leo udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Uondoe. Chimba mfereji, na ardhi iinamishwe ili maji yaukimbie ukuta. Migomba iliyokaribia nyumba ihamishwe, maana huleta unyevu, na mchwa hupenda njia ya giza na unyevu. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji jembe na Jumamosi tatu.

Sasa kuta. Wengi hupenda kuupiga ukuta wa udongo lipu ya saruji ili uonekane wa kisasa. Saruji ni ngumu, na udongo ni laini. Kimoja hakifuati mwendo wa mwenzake. Unyevu ulioingia ukutani hukosa pa kutokea, na baada ya masika machache lipu hubanduka vipande vipande pamoja na ngozi ya ukuta. Ukuta wa udongo upigwe lipu ya udongo na mchanga, au ya chokaa, ili uweze kupumua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kuupaka ufa si kuuziba. Upo ufa wa lipu, ambao ni wa juu juu tu, na upo ufa wa ukuta, unaoonekana ndani na nje mahali pamoja. Bandika donge dogo la saruji juu ya ufa wa ukuta, uandike tarehe. Donge likipasuka baada ya miezi michache, ukuta bado unatembea, na dawa yake iko kwenye msingi au pembeni mwa nyumba. Sisi wa Kagera tunalo somo jingine. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye kipimo cha 5.9, liliangusha nyumba nyingi katika mkoa wetu, hasa zile za udongo na za matofali ambazo kuta zake hazikufungwa pamoja. Basi siku unapofungua paa ili kubadili kenchi, hiyo ndiyo nafasi ya kuzungusha mkanda wa zege na nondo juu ya kuta za matofali, ili pembe nne zishikane. Nafasi hiyo ikipita, hairudi mpaka paa lifunguliwe tena.

Maji yale yale yaliyokuwa adui, sasa yageuze rafiki. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina paa la mita za mraba 60. Hata panaponyesha milimita 1,000 tu kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 60,000. Ondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zimebaki lita 48,000, yaani madebe 2,400 ya lita ishirini. Tangi dogo halitaweza kuyahifadhi yote, lakini kila debe litakaloingia humo ni debe ambalo mama au binti hakulibeba kichwani kutoka bondeni. Mifereji ya bati na tangi si urembo. Viwekwe katika hatua ya kwanza pamoja na paa.

Hatua ya pili ni moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao ni watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Mwanamume anayelala chumba cha mbele hauoni moshi huo, kwa hiyo hauweki katika hesabu. Jiko lipewe bomba la moshi linalopita juu ya paa, madirisha mawili yanayotazamana, na meko iliyoinuliwa ili mpishi asimame wima. Kuni zikaushwe mahali pasiponyeshewa. Choo nacho kiwe katika hatua hii hii, kiwe na sakafu inayosafishika na mlango unaofungwa, mahali ambapo bibi mzee aweza kufika usiku bila kuanguka.

Ndipo zije hatua ya vyumba. Nyumba za zamani zilijengwa na sebule kubwa ya kupokea wageni na vyumba vidogo vya giza. Kaeni chini pamoja, mgawe upya. Wasichana wapate chumba chao na wavulana chao. Mzee asiye na nguvu apewe chumba kilicho karibu na mlango. Dirisha moja lipanuliwe, chini yake iwekwe meza, mtoto asome kwa mwanga wa Mungu kabla ya kuwasha taa. Upenyo ulio kati ya ukuta na paa uzibwe kwa wavu, mbu wasipite, hewa ipite. Sakafu ya vumbi isakafiwe chumba kimoja kimoja, kwa kuanza na wanapolala watoto, maana funza hukaa vumbini. Na zege jipya limwagiwe maji siku saba. Anayeliacha likauke kwa jua amenunua saruji akapata mchanga.

Rangi, singibodi ya dari na mlango wa nakshi vitangoja, navyo havitakasirika.

Sasa nije kwenye fedha. Tofali na bati waweza kununua mwaka huu ukatumia mwaka ujao. Saruji haingoji, ikikaa zaidi ya miezi mitatu hivi katika ghala lenye unyevu, hupoteza nguvu. Basi weka daftari la nyumba, kama Chama kiwekavyo daftari lake. Andika hatua, makadirio, fedha iliyotolewa na iliyobaki. Malipo ya kwanza yalishe nyumba na kulipa ada za shule. Malipo ya pili ndiyo yajenge. Usikope kwa ajili ya urembo. Kukopa ili kuzuia paa lisianguke kuna maana. Kukopa ili jirani ashangae hakuna.

Ndugu wanachama, limebaki jambo moja zito kuliko bati. Nyumba hiyo ni ya nani? Nimewaona wanandoa waliotengeneza nyumba kwa miaka kumi na tano, mume akibeba mawe na mke akiuza ndizi ili kununua misumari. Mume alipofariki, haukupita mwezi, wakaja watu kumwambia mjane kwamba nyumba ni ya ukoo, afungashe. Kazi ya namna hiyo, hata iwe na linta madhubuti namna gani, haina msingi.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Na mwaka 1990, katika shauri lililotoka mkoani kwetu, Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi, hali mwanamume aruhusiwa, ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo, kabla ya msumari wa kwanza, waiteni wazee na ndugu, mkubaliane mipaka. Kisha mwombe hati ya hakimiliki ya kimila, na majina yote mawili yaandikwe, la mume na la mke. Heshima ya ukoo haipungui kwa sababu mama wa watoto ana pa kulala.

Bwana Mwenyekiti, wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, tunaowataja kila tunapofundisha ushirika, hawakuanza na jengo jipya. Walipanga chumba cha chini katika ghala kuukuu la mtaa wa Toad Lane, wakalitengeneza kwa fedha yao kidogo, wakafungua duka tarehe 21 Desemba 1844 wakiwa na unga, siagi, sukari na vitu vichache. Ushirika wa nchi yetu nao ni nyumba kuukuu. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Waliorudi walikuta paa limetoboka, nao hawakuhama.

Kwa ajili hiyo naomba jambo moja kwa Bodi ya Chama. Kabla ya msimu ujao, kila chama cha msingi kiandikishe wanachama wanaotaka kubadili paa, pamoja na hesabu ya mabati na saruji wanayohitaji, kisha Chama Kikuu kinunue kwa mkupuo na kukata katika malipo ya pili kwa ridhaa ya kila mmoja. Bei itakuwa nafuu, na unene wa bati utakaguliwa na mtu anayejua. Mimi na vijana wangu tutakuja kupima kuta bila malipo. Ninyi mje na daftari, na mje wawili, mume na mke.